Mafundi wa kubahatisha: difu yangu ilikuwa kimya mlipoipokea!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Anayetaka kuniambia "gari la zamani lazima lilie" aniache kwanza nimalize.

Gari ni Mazda MX-5 ya 1994, ile ya injini ya 1.8. Nililipeleka gereji kwa jambo moja tu: sili ya pinioni (gia ndogo inayopokea nguvu za shafti) kwenye difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi, ilikuwa inavuja, oili imerukia chini ya bodi na kunasa vumbi lote. Kelele hakuna. Narudia, kelele HAKUNA. Nimekabidhi gari kimya, nimerudishiwa gari linalopiga mluzi.

Mluzi wenyewe uko hivi. Ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, ukaachia mafuta huku gia imo, unaanza: wiiiiii, mwembamba, unashuka kadiri gari linavyopungua mwendo. Ukikanyaga tena unafifia. Ukikanyaga klachi gari likaserereka lenyewe, unapungua ila hauishi. Aliyewahi kufungua difu akisikia maelezo hayo tu anaanza kuwaza pinioni. Mimi si fundi na nimeliwaza hilo.

Wao sasa! Fundi mkuu hata kwenye kiti hakukaa. Alisimama nyuma ya gari, mikono mfukoni: "Bosi, hiyo ni wili beringi. Tubadilishe zote mbili." Nikamuuliza amejuaje na hajaliendesha. "Hizi gari tunazijua." Haya, zikabadilishwa, nikalipa. Mluzi uleule.

Jamani, wili beringi hailii hivyo. Haijali umekanyaga mafuta au umeachia, inachojali ni uzito. Ukiwa kwenye mwendo ukapinda kidogo kulia, uzito unalalia upande wa kushoto, na kama beringi ya kushoto ni mbovu itapandisha sauti hapo hapo. Pinda kushoto, inatulia. Tena sauti yake ni ya kunguruma, ya chini, kwa sababu inazunguka sawa na tairi. Pinioni ya gari hili inazunguka mara 4.1 tairi inapozunguka mara 1, kwa hiyo matatizo yake yanasikika juu zaidi. Kipimo hiki hakitaki kompyuta wala mashine, kinataka barabara iliyonyooka na mtu mwenye masikio.

Nikarudi. Safari hii ikawa oili. Wakamwaga, wakaweka nzito zaidi kuliko 75W-90 iliyokuwemo, wakaongeza na "dawa ya sahani za difu". Dawa ya sahani! Difu ya gari langu ni ya aina ya Torsen, haina sahani za klachi ndani, kazi yote inafanywa na gia. Dawa ile ni ya difu zenye sahani, zinazogugumia ukikata kona kali polepole. Kugugumia kwenye kona na mluzi wa barabara kuu wapi na wapi? Nilipomwambia fundi haina sahani, akanitazama kama namtukana.

Halafu wakahamia gia boksi. Hapa nitawapa nusu alama, kwa sababu MX-5 ina ile fremu ndefu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu, na sauti inasafiri humo mpaka uliyekaa kitini hujui inaanzia mbele au nyuma. Lakini si unapima? Shikilia mwendo uleule, toka gia ya 5 nenda ya 4, kisha ya 3. Injini inapaza sauti, mluzi wangu haubadiliki hata chembe. Unafuata mwendo wa gari, haufuati injini. Ukishafika hapo, inua nyuma, gari likae kwenye stendi imara (si jeki, tafadhali), mmoja azungushe kwa gia, mwingine asikilize kwa stetoskopu ya ufundi: mdomo wa difu (mbele, pinioni inapoingilia), kisha ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Hawakufanya hata kimoja. Walikuwa wanataka kuteremsha gia boksi nzima!

Ukweli nilikuja kuupata kwa kijana aliyeifanya kazi yenyewe, tena bila yeye kujua anasema nini. Nilimuuliza ile nati ya pinioni, inayofunguliwa ili kuifikia sili, aliirudishaje. Akajibu kwa fahari: "Niliifunga vizuri bosi, kwa mashine ya upepo, hadi ikagoma."

Hadi ikagoma.

Kwa wasiojua: katikati ya beringi mbili za pinioni kuna spesa ya chuma laini ambayo kazi yake ni kupondeka. Unapokaza nati inapondeka kidogo kidogo, na kiasi cha kupondeka ndicho kinachoamua beringi zibanwe vipi. Nati yenyewe inataka nguvu ya zaidi ya nyutoni-mita 100, lakini anayeijua kazi haangalii nati peke yake. Anakaza kidogo, anazungusha pinioni kwa toki renchi ndogo (spana ya kupimia nguvu), anasoma ugumu wa kuizungusha, ambao ni nyutoni-mita chache tu, anakaza tena kidogo. Ukipitiliza umekwisha. Kulegeza nati hakusaidii, maana spesa ikishapondeka hairudi, na beringi zitaanza kucheza. Inawekwa mpya. Hata yule anayetaka njia ya mkato ya kubadilisha sili tu, anapiga alama kwenye nati na kwenye shafti kabla ya kufungua, anahesabu nyuzi zinazoonekana, anairudisha pale pale. Mashine ya upepo haijui kusoma alama.

Nimemwaga oili mwenyewe kwenye beseni jeupe, nikapitisha sumaku. Ujiuji wa kijivu laini sina shida nao, difu ya umri huu haikosi. Shida ni vile vipande bapa vinavyometameta, ukivisugua kati ya vidole vinakwaruza. Beringi imeshaanza kumenyeka. Nilivipeleka kwenye karatasi nikamwonyesha fundi mkuu. Jibu: "Gari la zamani hilo, kaka. Kelele ni kawaida." Nikamwomba basi aniandikie walichofanya, na nati walifunga kwa kipimo gani. Akadai hawana utaratibu wa kuandika. Utaratibu wa kuniandikia bili wanao.

Sasa difu nateremsha mwenyewe, naipeleka kwa mtu atakayeipima mezani. Swali langu ni kwa waliowahi kuzifungua difu hizi tu: beringi za pinioni na spesa nabadilisha, hilo halina mjadala. Je, krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni zenyewe mnazirudisha ikiwa alama ya mguso, ukipaka rangi, bado inakaa katikati ya meno pande zote mbili, wa kuvuta na wa kuachia mafuta? Au zikishalia kwa umbali fulani hata alama nzuri haizinyamazishi? Mwenye picha za alama zake kabla na baada aziweke hapa.

Na wale wa "jaza oili nzito ya 140 utasahau", uzi huu upiteni tu.