Wauza zawadi za sikukuu, acheni kuwapiga wapenda historia ya kale

Wadau,

Kila sikukuu zikikaribia matangazo ni yale yale: "sarafu halisi ya Kigiriki", "mafunjo halisi ya Misri", "kibao cha udongo cha Babeli, cheti kipo". Mtu ana ndugu anayependa mambo ya kale, analipa kwa moyo mweupe, kumbe kauziwa bati. Huu ni wizi, na tumeunyamazia mno.

Tuanze na sarafu, maana ndiko watu wanakopigwa zaidi. Inayoghushiwa sana ni ile ya fedha ya Athene, mungu wa kike Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Ya kweli ina uzito wa gramu 17.2 hivi. Ikisoma 12, mrudishie mwenyewe. Ila uzito peke yake hautoshi, kwa sababu mghushi anaweza kuongeza unene. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya vito inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito kwa namba hiyo. Fedha safi inatoa karibu 10.5, bati na zinki zinaangukia 7 na kidogo. Futa vipovu vya hewa vilivyoganda kwenye sarafu kabla ya kusoma, la sivyo ujazo utaonekana mkubwa na utaikataa sarafu nzuri. Na kumbukeni risasi ni nzito kuliko fedha, kwa hiyo bati lililochanganywa na risasi linaweza kupita kipimo hiki.

Ndiyo maana lazima uangalie ukingo. Sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, hivyo ukingo wa ya kweli mara nyingi una nyufa ndogo za pigo na umbo si duara kamili. Feki nyingi zimemiminwa kwenye kalibu: ukingoni kuna mstari mwembamba pale nusu mbili zilipokutana, au alama za tupa za kuuficha mstari huo, na usoni kuna vitundu vidogo vya hewa. Halafu fungua matangazo mengine ya muuzaji huyo huyo. Ukikuta sarafu mbili zenye umbo moja na mkwaruzo mahali pale pale, zote zimetoka kalibu moja. Hapo hakuna mjadala.

Vifurushi vya "sarafu za Kirumi ambazo hazijasafishwa" navyo vinaniudhi. Nzuri zimeshachambuliwa na kuondolewa, mnunuzi anabaki na shaba zilizolika. Mbaya zaidi, anashauriwa azisafishe kwa ndimu au siki! Tindikali inakula ule utando wa kijani, na maandishi yaliyobaki yamo humo humo kwenye utando. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha maji kila siku chache, sugua kwa mswaki laini, na uvumilie wiki hata miezi. Ukiona unga wa kijani mpauka unaotoka tena baada ya kufutwa, hiyo ni kloridi inaila shaba kwa msaada wa unyevu. Itenge na nyingine, iweke pakavu.

Mafunjo, zile karatasi za Misri ya kale, ni rahisi kupima, lakini bado watu wanauziwa majani ya mgomba. Inua karatasi kwenye mwanga. Ya kweli ina tabaka mbili za vipande vya shina la mafunjo, moja ya wima na moja ya mlalo, kwa hiyo utaona mistari inayokatizana kama mkeka. Ikunje taratibu uone: ya kweli inajikunja na kurudi, feki inapasuka.

Vidani vya "jina lako kwa hiroglifi", yale maandishi ya picha ya Misri ya kale, vingi ni upuuzi. Wanyama na watu kwenye maandishi hayo hutazama kule usomaji unakoanzia. Ukiona ndege anatazama kushoto na simba anatazama kulia ndani ya jina moja, mchongaji kanakili bila kujua anachofanya.

Sasa hili la vibao vya udongo vyenye kikabari, yale maandishi ya kale ya Babeli, na "vitu halisi kutoka kaburini". Hapa sina upole. Kitu kikiwa feki, umeibiwa wewe. Kikiwa cha kweli bila karatasi za umiliki, imeibiwa nchi nzima. Misri ilifuta biashara ya malikale kwa sheria namba 117 ya mwaka 1983. Kwa vitu vya kale vilivyotolewa Iraq kinyume cha sheria, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizuia biashara yake kwa azimio 1483 la mwaka 2003, baada ya makumbusho ya Baghdad kuporwa. "Kutoka mkusanyiko wa zamani wa Ulaya" si historia ya umiliki. Historia ya umiliki ni risiti yenye tarehe, picha ya zamani, kibali cha kusafirisha. Cheti alichochapa muuzaji mwenyewe hakithibitishi chochote, na kitu kikikamatwa aliyepewa zawadi ndiye anayebaki na kesi.

Mnataka zawadi? Nunueni nakala inayokiri kuwa ni nakala. Karakana ya Gipsformerei ya makumbusho ya Berlin imekuwa ikitoa nakala za plasta tangu 1819, na makumbusho ya kitaifa ya Ufaransa nao wana karakana yao. Hata nakala ikaguliwe: kile kichwa maarufu cha Nefertiti, malkia wa Misri, hakina mboni kwenye jicho la kushoto, kwa hiyo aliyejaza macho yote mawili hakuwahi kukitazama. Jiwe la Rosetta, lile la Misri lenye maandishi ya aina tatu, lina hiroglifi juu, Kidemotiki (mwandiko wa kawaida wa Wamisri) katikati, Kigiriki chini. Kama Kigiriki hakisomeki, hilo ni pambo la kuzuia mlango.

Wauzaji mliomo humu, wekeni uzito, kipenyo, picha ya ukingo na karatasi za umiliki kwenye kila tangazo. Atakayeandika "halisi" bila hivyo, wadau tumripoti na kiungo chake kiwekwe hapa chini.