Nilimwachia baba wa mchumba wangu ashinde bao, sasa hataki kucheza nami. Nifanyeje?

Mjukuu wa Kilwa
Wakuu, naombeni ushauri kwa wanaojua bao na wanaojua wazee.

Mchumba wangu ni mwenyeji wa Pangani, na posa tunatarajia kupeleka baada ya Ramadhani. Baba yake ni mtu wa maneno machache. Mara tatu nilikwenda kumwamkia, mara tatu tukaishia kwenye "marahaba" na habari za safari. Mara ya nne akanikuta barazani nawatazama wenzake wakicheza. "Wajua?" Nikamwambia babu alinifundisha. Akanionyesha mahali pa kukaa.

Tangu siku hiyo kila nikienda tunacheza, na penye bao mzee ni mtu mwingine kabisa. Anaimba chini chini, ananitania, ananiuliza habari za babu. Nilianza kumpenda kama baba.

Jumamosi walikuwapo watu wengi, pamoja na shemeji zangu. Tuko kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kete bado zimo mkononi, nikaona nina njia mbili za kula. Nikiingiza kete nilizokula upande wa kushoto, ya mwisho inaangukia mkabala na nyumba yake, lile shimo kuu la mraba, yenye kete 11, naila yote. Nikawaza, nimvunjie mzee nyumba mbele ya wanawe? Nikaingiza kulia, zikalala: ya mwisho ikaangukia shimo tupu, zamu yangu ikaisha. Akanitazama usoni. Akamaliza mchezo, akashinda, akainuka kwenda kutia udhu.

Jumapili nilipokaa, akasema macho yanamuuma. Jioni hiyo hiyo alicheza na jirani hadi magharibi.

Fundi Kete
Mkuu, mzee aliona. Mtu aliyekulia kwenye bao anajua kete zako zitaishia wapi kabla hujanyanyua mkono. Kula ni lazima kama ipo, lakini kete uziingize upande gani ni hiari yako, na hapo ndipo anapokusoma. Siku zote hizo alidhani amepata mwenzake wa kucheza naye. Jumamosi akagundua kwamba unambembeleza. Mimi ningeumia.

Bi Tausi
Fundi, hapo sikubaliani nawe. Kwetu Unguja mkwe ana mipaka yake, na kumfunga mzee mbele ya wanawe si jambo la kulichukulia kirahisi. Kijana alilelewa, tusimlaumu kwa hilo. Ila mwanangu, ulimwamulia mzee jambo bila kumjua. Muulize mchumba wako: baba yake akifungwa na jirani, anarudi nyumbani vipi? Binti anajua.

Mnyamwezi wa Tabora
Mimi nimeoa kwa Wazaramo, watani zetu tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Siku ya kwanza ukweni, shangazi wa mke wangu alinichukulia viatu, akasema havitoki bila malipo. Nikakunja uso. Nyumba nzima ikanyamaza. Kaka yangu akanivuta pembeni: "Wanakupokea hawa, jibu!" Nikarudi nikamwambia shangazi viatu ni vyake, alipe tu ujira wa babu zangu waliomletea pembe kutoka bara. Walicheka mpaka majirani wakaja.

Mama yangu alipofariki, shangazi huyo alipanda basi hadi Tabora. Alichota maji, alipika, alituchekesha siku ambayo hakuna aliyeweza kumeza kitu. Ndugu yangu, mzee wako alikuwa ameshakufungulia mlango. Rudi ukacheze.

Fundi Kete
Na usiende na hotuba ya kuomba radhi. Utamlazimisha aseme mbele ya watu kwamba aliachiwa.

Mjukuu wa Kilwa
Nashukuruni sana. Bi Tausi, nimeuliza. Anasema baba yake akifungwa, usiku wakati wa kula humsimulia mama mchezo wote, shimo kwa shimo, na humsifu aliyemfunga. Jumamosi hakusimulia chochote.

Leo nimekwenda baada ya alasiri, barazani yuko peke yake. Nikaamkia, nikakaa, nikaanza kupanga kete kama zilivyokuwa Jumamosi, upande wangu na wake, kadiri nilivyokumbuka. Mashimo mawili nilikosea. Hakusema neno, akanyoosha mkono akayarekebisha mwenyewe. Nikaingiza kushoto, nikala nyumba, kete zote 11.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, zamu yangu," akaanza kuimba.

Tumecheza hadi adhana ya magharibi. Kanifunga mara nne, nimemfunga mara moja. Mchumba wangu ameniandikia sasa hivi: wako jamvini wanakula, chakula cha baba kimepoa, na ndiyo kwanza amefika pale nilipoila nyumba yake.