Filamu Inayotupa Nusu ya Riwaya Ina Haki Gani ya Kubeba Jina Lake?

Ndugu wachangiaji, naomba kuweka mezani hoja inayohusu riwaya kongwe za Kiingereza ambazo kila baada ya miaka michache hutengenezewa filamu mpya, na mfano nitakaoutegemea zaidi ni Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyochapishwa mwaka 1847. Wapo wanaoshikilia kwamba mwongozaji hadaiwi chochote na mwandishi, kwa sababu filamu ni sanaa inayojitegemea, na kitabu kitaendelea kusomwa hata filamu ikivurunda. Wapo pia wanaokagua kila kifungo cha koti na kila sentensi iliyobadilishwa, wakihesabu makosa. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Naamini filamu inaweza kufupisha mazungumzo, kuunganisha wahusika wawili kuwa mmoja na hata kuongeza tukio ambalo mwandishi hakuliandika, na bado ikawa aminifu. Lakini ikikiondoa kile kinachoyasukuma matukio, yaani mali, sheria na tabaka vilivyowafanya wahusika watende walivyotenda, basi imelichukua jina la kitabu bila kukitendea haki.

Kwa ambao hawajaisoma riwaya hiyo, kisa chake ni hiki. Mzee Earnshaw, mwenye shamba liitwalo Wuthering Heights katika nyanda za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, anarudi kutoka Liverpool akiwa na mtoto aliyemwokota mitaani, asiye na jina wala kwao, naye anapewa jina la Heathcliff. Mtoto huyo anakua pamoja na Catherine, binti wa nyumba, na wawili hao wanashibana kiasi cha kutotaka kutengana. Mzee anapofariki, mwanawe Hindley anamshusha Heathcliff hadhi na kumfanya kibarua. Catherine anaolewa na Edgar Linton, kijana mwenye mali wa nyumba ya jirani. Heathcliff anatoweka, kisha anarudi baada ya miaka mitatu akiwa na fedha ambazo hakuna ajuaye zilikotoka. Catherine anafariki katika sura ya 16, saa mbili tu baada ya kujifungua binti. Riwaya ina sura 34. Mwanamke ambaye watazamaji wengi wanadhani ndiye hadithi yote anazikwa kabla kitabu hakijafika nusu.

Sura 18 zinazobaki ndizo zinazoonyesha Heathcliff ni mtu wa namna gani. Hindley ameiweka rehani ardhi yake ili apate fedha za kamari, na aliyeishika rehani hiyo ni Heathcliff. Kwa hiyo Hindley anapokufa, nyumba inaangukia mikononi mwa kibarua wa zamani, na Hareton, mtoto wa marehemu, anabaki humo kama mtumishi asiye na mshahara wala elimu. Baadaye Heathcliff anamfungia ndani binti wa Catherine, ambaye naye anaitwa Cathy, na kumlazimisha aolewe na mwanawe mgonjwa wakati baba wa binti, Edgar, yuko mahututi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mke inayohamishika ilikuwa ya mume mara tu ndoa ilipofungwa, na hali hiyo haikubadilishwa kikamilifu hadi sheria ya mwaka 1882. Kijana yule anapofariki, wosia wake unamwachia baba yake kila kitu alichoweza kukiacha, na ardhi nayo Heathcliff anaishikilia. Silaha zake ni hati ya rehani, cheti cha ndoa na wosia, na wote anaowaumiza kwa silaha hizo ni watoto ambao hawakumkosea lolote.

Kuna jambo moja dogo humo ambalo naliona ni kubwa kuliko tukio lolote la kimapenzi. Juu ya mlango wa nyumba ya Wuthering Heights pamechongwa jina la Hareton Earnshaw na mwaka 1500. Ni jina la babu wa zamani, na kijana Hareton ndiye mrithi wake halali. Siku moja anamwita Cathy kwa fahari na kumwambia kwamba sasa anaweza kusoma maandishi yale. Anayatamka silabi kwa silabi: ni jina lake mwenyewe. Cathy anamuuliza, na tarakimu je? Kijana anajibu kwamba hizo bado hajazijua, na binti anamcheka. Tunamwona mtu aliyenyang'anywa nyumba akiwa amesimama mlangoni pake, asiweze kusoma ni tangu lini nyumba hiyo ni ya ukoo wake. Mwishoni mwa riwaya ni Cathy yuleyule anayemfundisha kusoma, wakiwa wameketi pamoja na kitabu, na hapo ndipo kazi yote ya Heathcliff inapoanza kubomoka.

Sasa tuitazame filamu ya William Wyler ya mwaka 1939, aliyoigiza Laurence Olivier kama Heathcliff, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyowafundisha watu kwamba Wuthering Heights ni hadithi ya mapenzi. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na upigaji picha wa Gregg Toland ulipewa tuzo ya Oscar kwa haki kabisa. Suala la madeni ya kamari ya Hindley halikuachwa. Lakini kizazi cha pili hakimo: hakuna Cathy mdogo, hakuna Hareton, hakuna mlango ulioandikwa jina. Kisa kinaishia kwa mizimu ya wapenzi wawili ikitembea pamoja kwenye theluji. Katika kitabu, mizimu ni uvumi tu wa mtoto mchungaji anayelia njiani, na msimulizi wa mwisho anasimama mbele ya makaburi matatu akishangaa jinsi mtu anavyoweza kudhani kwamba waliolala pale hawana utulivu. Filamu imekata watoto walioteswa, ikabakiza mateso ya mtesaji peke yake, na mtazamaji anaondoka akimlilia.

Najua nitajibiwa kwamba saa mbili za filamu hazitoshi kubeba riwaya nzima. Filamu ya Peter Kosminsky ya mwaka 1992 ilijaribu kubeba vizazi vyote viwili, huku Juliette Binoche akiigiza mama na binti, na nakiri kwamba sehemu ya pili inakwenda mbio mno. Hata hivyo naiheshimu kuliko ile ya 1939, kwa kuwa mtazamaji wake anajua kwamba yaliyofanywa na wazazi yalilipwa na watoto.

Zaidi ya hayo, tunao ushahidi kwamba ufupi si kisingizio. Sense and Sensibility ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Ang Lee na kuandikwa na Emma Thompson, ambaye skripti hiyo ilimpatia Oscar, imewaondoa wahusika kadhaa wa Jane Austen, mwandishi wa riwaya hiyo, na kumkuza Margaret, mdogo wa mwisho, ambaye kitabuni haonekani sana. Tazameni lakini jinsi ilivyoshughulikia sura ya pili. Kaka mrithi amemwahidi baba yake aliye kitandani kwamba atawasaidia mama wa kambo na dada zake; anafikiria kuwapa pauni 3,000, na mkewe anaipunguza ahadi hiyo kidogo kidogo hadi inakaribia kuwa si kitu. Kitabuni ni mazungumzo ya mahali pamoja. Filamu inayagawa katika vituo mbalimbali vya safari, na kila gari la farasi linaposogea, fedha nazo zinapungua. Hakuna sura ya kitabu inayofanana na picha zile, na bado sijui utafsiri wa sinema ulio mwaminifu kuliko huo, kwa sababu mtazamaji anaelewa tangu mwanzo kwa nini mabinti hawa hawawezi kupenda bila kupiga hesabu.

Suala la rangi ya Heathcliff linanigusa kwa namna hiyohiyo. Brontë hakusema alitoka wapi. Alimtoa Liverpool, bandari iliyoongoza nchini Uingereza katika biashara ya watumwa mwishoni mwa karne ya 18. Akaandika kwamba ngozi yake ni nyeusi na anafanana na Magipsi, jamii ya wahamaji wa Ulaya. Akamfanya mzee Linton, baba wa Edgar, amdhanie mtoto wa mabaharia wa Kihindi, au aliyetupwa na bahari kutoka Marekani au Hispania. Nelly, mtumishi anayesimulia sehemu kubwa ya kitabu, anamfariji kwa kumwambia huenda baba yake ni mfalme wa China na mama yake malkia wa Kihindi. Karibu filamu zote zimempa nafasi hiyo mzungu, hadi mwongozaji Andrea Arnold alipomchagua James Howson, mwigizaji mweusi, mwaka 2011, na ubishi ulizuka upya mwaka 2024 Jacob Elordi, ambaye ni mzungu, alipotangazwa kumwigiza Heathcliff katika filamu mpya. Inasikitisha zaidi kukumbuka kwamba katika filamu ya 1939, aliyemwigiza Catherine, yaani Merle Oberon, alizaliwa Bombay akiwa na asili ya Kihindi na akalazimika kuificha maisha yake yote ya kazi. Sidai kwamba kuna rangi moja tu iliyo sahihi. Ninachodai ni kwamba majirani wanamwona si mwenzao kuanzia siku ya kwanza, na ukiliondoa hilo, ukatili wa Hindley unabaki kuwa wivu wa ndugu tu.

Nyongeza hazinikeri kiasi hicho. Darcy kuogelea ziwani katika tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 hakumo katika Pride and Prejudice, riwaya ya Austen ambamo Darcy, mtu tajiri, anampenda Elizabeth, na hakuna kilichovunjika. Kilichovunjika ni pale filamu ya mwaka 1940 ilipomgeuza Lady Catherine, shangazi wa Darcy mwenye majivuno, kuwa mwanamke mwema anayempima Elizabeth kwa niaba ya Darcy, maana dharau ya tabaka ikafanywa kuwa mchezo.

Swali hili limeshafika kwetu pia. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inayosimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, na ningependa waliosoma kitabu na kuitazama filamu waseme kama harakati za kupinga ukoloni zimebaki kuwa ndizo zinazowakutanisha na kuwatenganisha wahusika wakuu, Denge na Yasmin, au zimekuwa pazia la nyuma ya mapenzi yao.

Na wale wanaoitetea filamu ya 1939 kama Wuthering Heights kamili, naomba wanijibu jambo moja mahususi: bila Hareton na Cathy, ni wapi ndani ya filamu hiyo tunapoonyeshwa kwamba Heathcliff, aliyedhulumiwa akiwa mtoto, aliwatenda watoto wengine vilevile?