Chatu-damu akikomaa hufikia ukubwa gani?

Mkaazi wa Leeds:
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Uingereza, na ninakusudia kununua chatu-damu mchanga, yule mwenye mkia mfupi anayetoka Sumatra na rasi ya Malay. Muuzaji ameniambia kwamba hatazidi mita moja na nusu, nami niliyezoea habari za chatu wa kwetu anayefikia mita nne na zaidi nikaona ni jambo jepesi. Hata hivyo, picha za majike waliokomaa zimenitia shaka, maana wanaonekana wazito mno. Je, nitegemee mnyama wa ukubwa gani, na sanduku la sentimita 90 litamtosha?

Bi Salme:
Muuzaji hakukudanganya, ila amekueleza nusu ya habari. Wengi hukomea kati ya mita 1.2 na 1.5, jike mkubwa akaweza kufika 1.8, na madume kwa kawaida huwa wadogo zaidi. Linalowashangaza watu ni unene: jike wa mita moja na nusu anaweza kuwa na kilo 5 hadi 10, na kiwiliwili chake kikalingana na paja la mtu mzima. Sentimita 90 zitamfaa angali mchanga tu. Akikomaa mpe sanduku la sentimita 120 kwa 60, wala usiupuuze upana, kwani nyoka huyu si mpandaji na hushinda chini amejikunja.

Athumani wa Mwembeni:
Ninakubaliana na Bi Salme, isipokuwa hizo kilo 10, ambazo mara nyingi ni za nyoka aliyelishwa kupita kiasi. Porini huotea mawindo kwenye vinamasi na mashamba ya michikichi, akila panya bila kuhangaika sana, kwa hiyo mwili wake hautumii nguvu nyingi. Aliyekomaa anatosheka na panya mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Muulize pia muuzaji kama huyo ni chatu-damu hasa, yaani *Python brongersmai*, au ni ndugu yake wa Borneo au yule mweusi wa Sumatra. Wote watatu walihesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja, na ndiyo maana vipimo vya vitabu vya zamani vimechanganyika.

Mkaazi wa Leeds:
Nawashukuru nyote. Nitamjuaje kwamba ananenepa badala ya kukua?

Bi Salme:
Mtie ndani ya ndoo yenye mfuniko, uipime, kisha utoe uzito wa ndoo, na uandike kila mwezi pamoja na urefu. Uzito ukipanda huku urefu umesimama, na ngozi ikaanza kuonekana kati ya magamba hata kabla hajala, punguza chakula. Unapomwinua tumia mikono miwili, mmoja ukibeba sehemu ya nyuma, kwa sababu mkia wake ni mfupi mno kujishikilia, na akihisi anaanguka atapumua kwa kishindo, pengine hata kuuma.