Naomba ushauri: pikipiki inazima ikishapata moto

Ndugu wanajamvi, baada ya kustaafu nimerudi kuendesha pikipiki, chombo nilichokiacha tangu ujana, na nimenunua ya mtumba yenye injini ya cc 125 na kabureta. Asubuhi huwaka vizuri, lakini ikishapata moto, hasa mlimani, hupoteza nguvu na kuzima, kisha huwaka tena ikipoa (na kwa magoti yangu, kupiga kiki barabarani si mchezo). Fundi amebadilisha plagi na kusafisha kabureta bila mafanikio, na sasa anataka kufungua injini, jambo ninaloona ni haraka mno. Kulegeza mfuniko wa tangi la mafuta ili hewa iingie hakubadilishi kitu. Je, nianze na koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), au nipime kwanza uwazi wa valvu (nafasi ndogo inayoachwa ili valvu ifunge vizuri), kwa kuwa valvu iliyobana hupoteza mgandamizo injini ikipata joto?