Yule muuzaji wa Luthuli na "bodi ni bodi" yake!

Wadau, damu inachemka. Yule jamaa wa barabara ya Luthuli, Nairobi, mnamjua, wa kaunta ya kioo kilichopasuka, ameulizwa bodi ya kuongoza helikopta ya rimoti akatupa Arduino Uno mezani: "Kijana, bodi ni bodi." Mbele ya foleni nzima! Basi hata kibao cha chapati kinaruka.

Uno hiyo ya R3 ni biti 8, megahezi 16, RAM kilobaiti 2, na hesabu za desimali inazifanya kwa kujikokota. Helikopta yenye servo (mota ndogo za usukani) tatu za CCPM digrii 120, zinazoinamisha rota kwa pamoja, inataka jairo (kihisi cha mzunguko) isomwe, PID (hesabu ya kusahihisha mwendo) ipigwe, servo zichanganywe na mkia ushikwe, yote papo hapo. Ukisomea risiva (kipokezi cha rimoti) kwa SoftwareSerial, maktaba ya kusoma data kwa programu, intarapti (vikatizo vya kazi za haraka) zinazimwa, palsi za servo zinayumba na rota inatetemeka.

Halafu ati servo zilishwe na pini ya 5V! Betri ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6, kwa hivyo regyuleta ya Uno, ya kushusha volti hadi 5, inageuza volti 7.6 kuwa joto. Ampea nusu tu ni karibu wati 4. Servo zikivuta pamoja volti inaporomoka, bodi inajiwasha upya hewani, na mapanga ya rota mnayaokota Thika. Lakini "bodi ni bodi"!

Chukua bodi ya chipu ya STM32F405: megahezi 168, FPU (ya hesabu za desimali) ndani, jairo kwa SPI (njia ya kasi ya data), na programu ya helikopta ya Rotorflight. Servo zipewe BEC (kifaa cha kushusha volti ya betri) yake ya 5V, ampea 3 kwenda juu, graundi iwe moja, kapasita ya 470 µF karibu na servo. Jairo ikae juu ya tepu ya povu, la sivyo mtetemo unaidanganya.

Kijana, bodi ni bodi. Mbele ya watu!

kipanga_mwekundu: Punguza presha, mkubwa. Programu ya MultiWii iliruka kwa ATmega328 hiyo hiyo, chipu ya Uno, na modi ya heli ilikuwa nayo. Unalia kwa sababu umeitwa kijana.

solda_moto: Uno ni nafuu. Kuna wanaoapa pini za bodi ya ESP32 zinakubali volti 5. Ni 3.3! Risiva ikitoa 5V, weka rezista ya 1k kwenye waya wa signali na 2k kwenda graundi, ama uage pini.

mapanga_mawili: Na betri za LiPo zilizovimba zinazouzwa kama mpya? Pima kila seli kabla ya kulipa. Ikiwa chini ya volti 3, rudisha.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwa "bodi ni bodi"!

kipanga_mwekundu: Ngoja kwanza. Servo zenye lebo ya gia za chuma, ndani plastiki tupu! Hilo ndilo wizi.

solda_moto: Fungua skrubu uone gia kwa macho. Usipime kwa sumaku, nyingi ni shaba, haishiki.

mapanga_mawili: Ukifungua hapo dukani wanasema umeharibu waranti.