Harold na Kumar, sehemu ya tatu: ni kejeli kwa Krismasi au ni mapenzi?

Mchelewaji anauliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Juzi niliitazama *A Very Harold & Kumar 3D Christmas*, filamu ya mwaka 2011, bila kuwa nimeziona mbili zilizoitangulia. Nilicheka sana, sikatai, ingawa mara kadhaa niligeuka kuangalia mlangoni ili nihakikishe kwamba mama mkwe wangu bado yuko jikoni. Kinachonitatiza ni kwamba filamu imejaa bangi, matusi na utupu, lakini kisa chenyewe ni cha Harold, anayehangaika na rafiki yake Kumar usiku kucha mjini New York akitafuta mti wa Krismasi ili asimuudhi baba wa mkewe. Je, waandishi wanaikejeli sikukuu, au wanaipenda kwa dhati? Naomba pia nieleweshwe kwa nini mayai, moshi na vitu vingine vinarushwa kila mara kuelekea usoni mwa mtazamaji, hata pale ambapo hadithi haihitaji. Na huyo mwigizaji Neil Patrick Harris anayeimba jukwaani ana uhusiano gani nao, hata wamwangalie kama mtu aliyefufuka?

Mzee wa Safu ya Nyuma anajibu:

Ndugu Mchelewaji, wanamwangalia kama mtu aliyefufuka kwa sababu ndivyo ilivyo. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2004, walimchukua njiani Harris akiigiza nafsi yake mwenyewe, lakini nafsi ya kubuni: mtu wa dawa za kulevya, mwenye uchu wa wanawake, ambaye mwishowe aliwaibia gari. Utamu wa mzaha ule ulitokana na kwamba Wamarekani walimkumbuka akiwa kijana mdogo aliyeigiza daktari katika *Doogie Howser, M.D.*, tamthilia iliyoonyeshwa runingani kuanzia 1989 hadi 1993. Katika filamu ya pili, ya mwaka 2008, alipigwa risasi na mwenye danguro huko Texas. Kwa hiyo katika sehemu ya tatu analazimika kueleza amerudije, na maelezo yake, kwamba alifika mbinguni akafukuzwa kwa kuwachezea wanawake wa huko, ni sehemu ambayo Mkristo mwenye msimamo anaweza kuizima runinga, nami sitamlaumu. Kumbuka pia kwamba Harris alitangaza mwaka 2006 kwamba yeye anapenda wanaume, na filamu inaligeuza jambo hilo juu chini kwa kudai kwamba ni hila yake ya kuwanasa wanawake. David Burtka, mwenzi wake katika maisha halisi, anaonekana humo humo akishiriki mzaha huo.

Kuhusu vitu kurushwa, uliitazama pasipo miwani ya 3D, ile inayofanya picha zionekane kama zinatoka kwenye skrini. Baada ya *Avatar* ya mwaka 2009 kuvuna fedha nyingi, studio za Marekani zilikimbilia picha za 3D, na kumbi zikawa zinatoza zaidi kwa tiketi hizo. Filamu hii inaichuma biashara hiyo na papo hapo inaicheka, ndiyo maana kila kinachoweza kurushwa kinarushwa, tena bila aibu. Ukiitazama kwenye simu au runinga ya kawaida, unaona mkono unainuliwa lakini kofi halifiki.

Mama Nuru anajibu:

Nimezitazama zote tatu, wala siogopi matusi ya kwenye filamu, lakini kuna jambo moja ambalo sijaweza kulimeza. Ava, mtoto mchanga wa Todd, rafiki mpya wa Harold, anavuta moshi wa bangi bila kukusudia, kisha anafikiwa na kokeini na dawa nyingine, na kila safari tunatakiwa tucheke. Najua ni maigizo. Hoja yangu ni kwamba uhuni wa filamu ya kwanza ulikuwa na shabaha: polisi wabaguzi, na wafanyakazi wenzake Harold waliombebesha kazi zao kwa kudhani kwamba Mwasia hatalalamika. Mtoto mchanga hana kosa la kuchekwa. Hapo waandishi walitafuta mshtuko tu, kwa sababu ni sehemu ya tatu na mishtuko ya mwanzo ilikuwa imeshazoeleka.

Kwa faida ya wenye watoto nyumbani, Marekani filamu hii ilipewa daraja la R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi.

Karani wa Usiku anajibu:

Dada Mama Nuru, kuhusu Ava nakuunga mkono. Naomba nilijibu swali la kwanza la Mchelewaji, ambalo naona limepitwa.

Mimi nasema wanaipenda Krismasi, tena mapenzi ya kizamani kabisa. Tazama hali ya marafiki hawa filamu inapoanza. Harold, yule mfanyakazi aliyeonewa ofisini, sasa ni tajiri wa Wall Street, mtaa wa mabenki na soko la hisa mjini New York, mwenye nyumba kubwa, ameacha bangi na anatafuta mtoto na mkewe Maria. Kumar amebaki katika chumba kile kile cha zamani, masomo ya udaktari yamemponyoka, na mpenzi aliyeachana naye ana mimba yake. Hawajaonana kwa muda mrefu, na kila mmoja ameshapata rafiki wa kuziba pengo. Kinachowakutanisha ni kifurushi kilichofika kwa Kumar kikiwa na jina la Harold. Ndani yake mna msokoto mkubwa wa bangi, na msokoto huo ndio unaouunguza mti ambao baba mkwe, anayeigizwa na Danny Trejo, aliulea kwa mikono yake, wakati familia nzima iko kanisani kwenye misa ya usiku. Kumwogopa mkwe si jambo la kuelezana hapa.

Angalia vilevile ni nani anayeiokoa sikukuu: Mmarekani mwenye asili ya Korea na mwenzake mwenye asili ya India, katika nyumba iliyojaa ukoo wa Kilatino. Katika filamu za zamani za Krismasi watu hawa wangekuwa wauza duka. Halafu kuna ile sehemu ambayo marafiki wamelewa dawa na wanajiona wamegeuka vinyago vya udongo, kwa mtindo wa vipindi vya sikukuu vya runinga ya Marekani ya miaka ya 1960. Kinyago husogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena. Asiyeipenda Krismasi hajisumbui namna hiyo.

Nikiacha njia kidogo: waandamanaji wanaomrushia Harold mayai nje ya ofisi yake waliigizwa mwaka 2010, lakini filamu ilipotoka tarehe 4 Novemba 2011, waandamanaji wa kweli walikuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street tangu Septemba.

Mchelewaji anajibu:

Nashukuru sana, wakubwa zangu. La mkwe limeniingia zaidi, kwa sababu ambazo sitazitaja. Nitaanza na ile ya 2004, kisha ya pili.

Mzee wa Safu ya Nyuma anajibu:

Vema. Hiyo ya pili, usiizime kabla majina hayajamaliza kupita, maana Harris anaamka baada ya hapo.